Safisha Zote, Moja Moja

Jumatatu, 2 Juni
Nimefungua saa mbili. Nimefagia, nimepangusa kioo cha dirisha. Vumbi la mavuno limeanza. Mteja mmoja tu, mama wa Chanzuru, pasipoti saizi nne za mtoto anayekwenda bweni. Mtoto kanuna. Nikamwacha anune.

Mchana kutwa nimekaa kwenye kiti cha wateja nikitazama ng'ambo ya barabara, kwa Saidi na mashine yake. Watu wanaingia na simu, wanatoka na picha. Hawachani nywele. Hawaulizi kioo kiko wapi.

Fide, binti yangu, kapiga simu kutoka Mikumi. Misa ya mama yake ni Jumamosi ya tarehe 21, mwaka mmoja kamili tangu atutoke. Kauliza kama picha ya kuweka mbele ya altare iko tayari. Nimesema iko tayari. Nimemdanganya mwanangu.

Jumanne, 3 Juni
Leo niandike ukweli, hakuna anayesoma.

Nina studio hapa Kilosa karibu miaka arobaini. Nimepiga harusi, vipaimara, Idd, maiti, ng'ombe wa mnada. Na sina picha ya mke wangu. Mganga hajigangi. Chache nilizowahi kumpiga zilikuwa kwenye sanduku la negativu chini ya kitanda, na picha ya ndoa ilikuwa humo humo. Mto ulipofurika ukaingia ndani, sanduku lote liligeuka uji.

Kwenye msiba walikuza ile ya kitambulisho. Aliichukia picha ile. Alikuwa akisema, "Nimetoka kama niliyekamatwa na kuku wa jirani." Ndiyo ikakaa juu ya jeneza lake. Nikasikia wanawake nyuma yangu: mke wa mpiga picha huyo, jamani. Nilisikia vizuri. Sitakubali mara ya pili.

Zilizobaki zimo kwenye simu yake. Fide ndiye alimnunulia. Tangu apewe hakuacha kupiga: kuku, sufuria, watu, mimi. Kila picha kidole chake kinaingia pembeni. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia kidole hicho kishakuwa mteja wa kudumu. Yeye anacheka, anapiga nyingine.

Simu iko kwenye kopo la majani ya chai. Sijaifungua tangu tumzike. Mimi mwenyewe nina kitochi, simu kama zile sijui hata pa kubonyeza. Hiyo ni sababu moja. Ya pili naogopa.

Alhamisi, 5 Juni
Fide anasema, "Baba, si uvuke barabara tu? Saidi atazitoa dakika tano."

Sivuki. Saidi alipofungua lile duka nilisema mbele ya watu, pale kwa muuza kahawa, kwamba siku nikiingia kwake na picha mkononi basi chimbeni kaburi. Kilosa watu husahau madeni yao, maneno ya mtu hawasahau.

Fide kasema basi, Mikumi kuna dada anaitwa Neema, ana mashine ya kutoa picha karibu na mgahawa anaopikia yeye, pale mabasi ya Iringa yanaposimama abiria wapate kula. Mikumi hakuna anayenijua. Vizuri. Itakwenda Mikumi.

Ijumaa, 6 Juni
Leo nimefanya kazi kama zamani.

Enzi za mikanda, nyeusi na nyeupe tulisafisha wenyewe nyuma, chumba cha giza. Za rangi zilikwenda Morogoro. Unatia mkanda kwenye bahasha, unaandika juu, unampa kondakta, baada ya siku nne bahasha inarudi imenona. Aliyekuwa anaandika ni Mama Fide, maana mwandiko wangu ni wa kuku. Aliandika hivi hivi kila mara: SAFISHA ZOTE, MOJA MOJA. Mkanda wote usafishwe, kila picha itolewe nakala moja. Hakuna aliyewahi kuuliza maana yake.

Nimetafuta bahasha ya kaki. Nimetia simu na chaji yake. Nimeandika kwa herufi kubwa, taratibu, nikijaribu kuiga mwandiko wake. Nimempa kondakta wa Kosta. Nimerudi dukani napiga mluzi. Mwanahawa, jirani yangu, kauliza nimeokota nini.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa sikuwa na la kufanya, nimefungua kabati la nyuma. Koti la studio bado lipo. Nusu ya wanaume wa mji huu wamepigwa picha na koti hili. Jeusi, vifungo vitatu, kimoja si chake. Wakata mkonge wa Kimamba walikuwa wanakuja Jumapili na baiskeli, miguu mitupu, wanavaa koti na tai, napiga juu ya kiuno. Kule kwao wazazi wao wanapokea picha ya karani. Mama Fide alilifua kila Jumatatu.

Mimi nilipiga, yeye alisafisha. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Taa nyekundu, beseni tatu, yeye kasimama, kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndani ya dawa, anaisukuma karatasi taratibu mpaka sura itokee. Nilimnunulia koleo, akakataa. Ukucha wa kidole kile uliliwa na dawa ukawa wa kahawia, haukurudi tena.

Idd na Krismasi foleni ilifika relini. Watoto wanalia, poda inaisha, kitana tulikifunga kwa kamba maana kilikuwa kinaibwa.

Kisha simu. Hazikuja kwa kishindo. Za mwanzo picha zake zilikuwa kama zimepigwa kupitia chandarua, tulizicheka. Tukanunua kamera ya dijitali, tukadhani tumepona. Harusi zikaja, kila mgeni kanyanyua simu, bibi harusi hajui amtazame nani. Ofisi nazo zikaanza kupiga picha zenyewe, mtu anakaa mbele ya kompyuta, basi. Halafu siku moja kondakta akanirudishia bahasha haijafunguliwa. Akasema kule Morogoro pamefungwa, sasa wanauza viatu.

Siku hiyo ndiyo niliumia. Mama Fide aliichukua ile bahasha, akaiweka kabatini.

Alipoanza kupiga na simu nilimwambia amenisaliti. Nilitumia neno hilo hilo. Alicheka lakini hakucheka vizuri. Najuta.

Jumanne, 10 Juni
Bahasha imerudi. Nyepesi. Ndani kuna simu, inang'aa, imebandikwa kioo kipya juu. Picha hakuna hata moja. Nikadhani zinakuja na gari la jioni.

Nimempigia Fide. Kampigia Neema. Karudi kwangu, sauti imeshuka, nikajua.

"Baba, amesafisha."

"Ndiyo. Ziko wapi?"

"Amesafisha, baba. Amefuta."

Nilimfanya arudie mara tatu. Kwa vijana kusafisha simu ni kuondoa vinavyoijaza. Neema alisoma bahasha. Safisha zote. Akafuta zote. Moja moja. Akakaa mchana mzima akifuta moja baada ya nyingine, kama alivyoagizwa. Halafu akamwaga na kapu la taka la humo humo kwenye simu. Akafuta hata wasapu. Kioo kipya ni zawadi, kwa kuwa mimi ni baba yake dada Fide.

Mwanahawa kaja kuuliza kuna nini. Nimemwambia zimeungua. Ndilo neno tulilokuwa tunamwambia mteja mkanda ukiingia mwanga. Zimeungua. Njoo tena tukupige.

Jumatano, 11 Juni
Sikufungua.

Alhamisi, 12 Juni
Sikufungua.

Namchukia Neema. Nachukia simu. Namchukia mjinga aliyeandika bahasha.

Nimekumbuka hili, naliandika kabla sijaliona aibu. Mara ya kwanza Mama Fide kuja studio alikuwa msichana wa Kimamba anataka picha moja ya kumpelekea shangazi yake. Aliporudi kuichukua nilimwambia imeungua. Akapigwa tena. Nikamwambia imeungua tena. Hazikuwa zimeungua, zilikuwa mfukoni mwangu. Mara ya tatu akasema, "Kaka, wewe ni fundi au ni moto?" Alikuwa anajua.

Sasa zimeungua kweli.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Mikumi. Kosta ya saa moja. Njia nzima napanga maneno, makali, yote ya kumvunja mtu. Tulipopita kijiji cha Ulaya nilikuwa nimeshayakariri.

Pale Mikumi basi la Iringa lilikuwa limesimama, abiria wote madirishani wamenyanyua simu. Nimetazama wanapiga nini. Nyani amekaa juu ya pipa. Simu thelathini, nyani mmoja.

Neema ni mtoto wa juzi, hata miaka ishirini na tatu sidhani. Kuniona tu kajua. Kapiga goti. "Shikamoo babu."

Sikuitikia. Niandike hivyo hivyo. Tangu nizaliwe sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata mlevi, hata mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Nikaiacha shikamoo yake hewani na watu wanasikia. Fide katoka jikoni na upawa mkononi, kaniangalia kama hanijui.

Maneno yangu makali yakapotea. Nikauliza swali moja: kwa nini hukupiga simu kuuliza?

Akajibu akitazama chini. "Babu, nilisoma moja moja. Nikajua ni ya marehemu, dada Fide aliniambia, na kazi akasema utaiandika juu ya bahasha. Nikadhani wazee ndivyo mnavyoaga. Kwamba kila picha iangaliwe kwanza ndiyo iondolewe. Basi nikaziangalia. Kila moja."

Nikamuuliza aliona nini.

Alikumbuka nyingi. Babu amelala kwenye kiti mdomo wazi. Babu anafunga kamba ya kiatu. Babu anagombana na redio. Babu kwa nyuma, anakwenda sokoni na kikapu. Babu anatazama duka la ng'ambo kakunja uso. Kuku. Maua ya mbono. Mama mmoja wa Kimasai na galoni la maziwa. Babu tena.

"Karibu zote ni wewe, babu. Na karibu zote zina kidole. Nikasema huyu bibi alikuwa anampenda huyu mzee."

Na yeye mwenyewe, sura yake? Hakukumbuka kuiona. Aliyeshika simu hatokei. Hilo mimi ndiye wa kwanza kulijua.

Nilipokuwa nainuka akasema jambo moja zaidi. Kabla ya kufuta wasapu aliona bibi alikuwa anawatumia watu picha kila siku. "Zilizotumwa bado wanazo, babu. Waulize."

Nimeondoka bila kuaga vizuri. Garini nimelia. Utingo kanipa maji.

Jumamosi, 14 Juni
Shikamoo ile inaniwasha. Nimekula nayo, nimelala nayo.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeanza na Mwanahawa. Miaka yote ukuta mmoja, sikuwahi kumuuliza. Alitoa simu yake akapekua, akaanza kucheka, halafu akajifuta macho kwa khanga.

Anazo tatu. Viatu vyangu mlangoni. Bamia za kwenye uga. Na mimi nimelala studio, mdomo wazi, mchana kweupe. Chini Mama Fide kaandika: "Mlinzi wa mji akiwa kazini."

Miaka yote hiyo nilidhani Mwanahawa ananiita Mlinzi kwa heshima.

Robo ya picha imefunikwa na kidole. Ni ncha nyekundu tu, lakini safari hii kimeingia sana mpaka ukingo wa ukucha unaonekana. Wa kahawia. Nimeuangalia mpaka kioo cha simu kikazima.

Wanakwaya wenzake nao wanazo: ratiba, mahindi, jogoo. Yeye hayumo hata moja. Misa ni Jumamosi. Nimetoa ile ya kitambulisho drooni, nikaiweka mezani kifudifudi.

Jumatano, 18 Juni
Ndefu leo.

Nashipai, yule mama wa Kimasai, kaja na maziwa kutoka Tindiga, kama kila Jumatano. Mama Fide alikuwa akimsubiri, wananong'ona uani nusu saa, mmoja anatafuta neno la Kiswahili, mwingine anatafuta la Kimasai. Mimi tangu msiba nampa chombo tu. Leo nimemuuliza. Nimeuliza kwa haya, kama mtu anayeomba moto.

Katoa simu chini ya shuka. Imefungwa kwa mpira, kioo kimepasuka. Kasogeza, kasogeza, kanipa.

Mama Fide.

Kasimama uani kwetu. Kashika galoni la Nashipai kama mtoto mchanga. Anacheka mpaka pengo la pembeni linaonekana. Khanga imeteleza begani. Utosi umekatwa, jua liko nyuma yake, picha nzima imeinama upande na kivuli cha mpigaji kimemfika miguuni. Nilichowahi kumfundisha mtu juu ya picha hakimo hata kimoja. Ni yeye kabisa. Miaka arobaini sikumpata hivyo.

Nashipai akasema, "Alinifundisha kubonyeza. Akasema wewe piga mimi, mimi mume wangu hana nafasi."

Nimekaa chini. Hakulisema kwa ubaya, na wala Mama Fide nadhani hakulisema kwa ubaya. Lakini ni kweli. Nilikuwa na nafasi kwa mji mzima.

Kisha nimesimama, nikamwambia twende. Nikamchukua na Mwanahawa. Tumevuka barabara, sisi watatu na simu mbili.

Muuza kahawa alituona. Akaita, "Mzee Anselimu! Tuchimbe?" Kijiwe kizima kikacheka. Nami nikacheka, nikashangaa kusikia sauti yangu.

Saidi alinyanyuka kwenye kiti. "Shikamoo mzee wangu." Nikaitikia. Hakunikejeli. Nilitaka anikejeli kidogo, ingekuwa rahisi. Akavuta picha kwenye kompyuta yake, akasema anaweza kusawazisha uso, kuziba pengo, kurudisha utosi, dakika mbili tu, siku hizi kuna kitu kinafanya chenyewe.

Nikamwambia pengo ni lake, aliache. Na utosi? Uache, hakuwa nao siku hiyo.

Karatasi ilipotoka nilinyoosha kidole niisukume, kama iko kwenye beseni. Mazoea. Saidi aliona. Akasema, "Mimi ulinipiga Idd, mzee, na lile koti. Lilinifika magotini. Mama bado anayo ukutani." Simkumbuki. Walikuwa wengi. Nikamwambia koti bado lipo.

Nikampa na ya Mwanahawa, ile ya mlinzi. Akauliza akikate kidole. Nimemwambia asikiguse.

Jumamosi, 21 Juni
Misa imekwisha salama. Picha iliwekwa mbele, kwenye fremu niliyoitengeneza mwenyewe. Watu walipoingia nilisikia minong'ono tena, wanawake wale wale. "Ndiye huyo. Tazama, ndiye." Mmoja akacheka kwa sauti kanisani, akaziba mdomo. Pengo lile lilikuwa linaambukiza.

Nashipai alikaa benchi la nyuma. Nilimwambia paroko aliyepiga ni yeye, akatajwa mbele ya watu. Aliinamisha kichwa mpaka shanga zikagusa magoti.

Neema alikuja na Fide. Sikumtegemea. Alisimama mbali, nje, karibu na mapipa ya maji, anasubiri nimalize kusalimiana na watu. Halafu akasogea. Kapiga goti kwenye vumbi na gauni lake jeupe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," nikasema. "Na ile ya Mikumi, marahaba."

Alilia. Fide alilia. Mimi nilikwenda kukagua pilau.

Jumanne, 24 Juni
Nimefungua saa mbili. Nimefagia. Upepo wa mlimani, baridi kidogo. Asubuhi hakuna mtu.

Mchana Saidi kamleta kijana wa Kimamba na mchumba wake. Wanataka kupigwa picha "kizamani", na koti. Kijana kalivaa, likamkaa. Nimewapiga juu ya kiuno. Wameuliza watazipata lini. Nilitaka kusema siku nne.

Walipoondoka nimegongomea msumari karibu na kioo cha wateja, usawa wa macho. Nimeitundika ile ya mlinzi. Picha mbaya. Mzee kalala mdomo wazi, fulana ina tundu, na robo nzima ya kulia ni kidole tu.

Nimeweka kiti changu upande huo wa kidole.